Kitumbua, Mabuyu na Mchanga: Nafasi ya Mchuuzi katika Kumbukumbu za Utotoni

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzipita kwa haraka kumbukumbu za utotoni. Msimulizi anapoeleza utamu wa mabuyu, kashata au vitumbua alivyokula alipokuwa mdogo, mhakiki huiweka sehemu hiyo katika fungu la mandhari, kisha akaendelea na migogoro ya ndoa, ya kitabaka au ya kisiasa ambayo anaiona kuwa ndiyo kiini cha kazi. Vitamutamu vya mtaani huchukuliwa kuwa pambo tu: vinatia ladha ya pwani, lakini havibebi hoja.

Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanadai kwamba kumbukumbu ya kitamutamu cha mtaani ni kijitanzu cha masimulizi chenye muundo wake, kaida zake na upofu wake. Upofu huo unamhusu mchuuzi. Simulizi hizi kwa kawaida hutolewa kutoka upande wa mtoto aliyenunua. Mtoto aliyebeba sinia na mama aliyeamka alfajiri kuyeyusha sukari hutajwa kwa sentensi moja, kisha wakasahauliwa. Hoja kuu ni kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe, kupitia msemo wa "kitumbua kimeingia mchanga", imeuhifadhi upande huo wa pili kwa uaminifu zaidi kuliko wasimulizi wengi, na kwamba simulizi ya aina hii inaweza kupimwa kwa kuangalia nafasi inayompa mchuuzi. Mifano itatolewa kwanza katika masimulizi ya mdomo ya kawaida yanayosikika Magogoni, katika eneo la Kisauni, Mombasa bara. Baadaye itatolewa katika maandishi machache yanayofahamika.

2.0 Magogoni na vitamutamu vyake

Magogoni ni mtaa wa bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waswahili, Wamijikenda na watu waliotoka bara ya mbali kutafuta kazi, na biashara ndogondogo za chakula ni sehemu ya maisha ya kila siku mtaani. Eneo hili si geni katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Upande huohuo wa bara ndiko kulikoanzishwa Frere Town mwaka 1875, makao ya watu waliokombolewa utumwani, ambao James Mbotela aliwaandika katika Uhuru wa Watumwa (1934). Swali la nani alifanya kazi kwa faida ya nani limekuwako Kisauni tangu zamani, hata linapoulizwa kuhusu kitu kidogo kama kashata.

Vitamutamu vinavyotawala kumbukumbu za hapa ni vitatu. Cha kwanza ni mabuyu. Mbegu za buyu, zikiwa bado na unga wake mweupe wenye uchachu, hutiwa katika shira ya sukari yenye rangi nyekundu, iliki na pilipili, zikakorogwa mpaka zishike shira pande zote. Mtoto huifyonza mbegu, akaitema, akabaki na ulimi mwekundu. Cha pili ni kashata ya nazi au ya njugu: sukari huyeyushwa motoni, ikachanganywa na nazi iliyokunwa au njugu zilizokaangwa, ikatandazwa kwenye sinia na kukatwa kwa kisu kabla haijaganda. Kashata ni mwenzi wa kahawa chungu, na kwa hiyo huja mtaani pamoja na mlio wa vikombe vinavyogonganishwa na muuza kahawa. Cha tatu ni kitumbua, cha mchele uliorowekwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, iliki na hamira, kinachopikwa katika vikaango vidogo vya mviringo.

Tofauti za vitu hivi ni muhimu kwa uhakiki kwa sababu kila kimoja huacha alama yake katika simulizi. Mabuyu huacha rangi, na rangi ni ushahidi: mtoto aliyekatazwa kula kabla ya kwenda chuoni hujulikana kwa ulimi wake. Kashata huacha sauti ya kuvunjwa, nayo huleta habari za kugawana. Kitumbua ni laini na kina mafuta. Kikianguka, hushika mchanga, na mchanga ukishashika hautoki.

3.0 Muundo wa simulizi

Anayesikiliza watu wazima wa Magogoni wakikumbushana utoto wao ataona kwamba masimulizi yao, hata yakitofautiana kwa mambo madogo, hufuata hatua zilezile. Hatua ya kwanza ni wito. Simulizi huanza na sauti inayotoka mwisho wa kichochoro: mchuuzi ananadi, au vikombe vinalia. Hatua ya pili ni sarafu. Msimulizi hutaja kima kwa jina lake la zamani, yaani ndururu, peni au thumuni, na majina hayo huwa saa ya simulizi, kwani msikilizaji hukadiria umri wa msimulizi kwa sarafu anayoitaja. Hatua ya tatu ni mgawo: nani alipata kipande kikubwa, nani aliuma kashata kwa kuifunika na upindo wa nguo ili wenzake wasione kinyaa, nani alifyonza mabuyu polepole ili awaringie waliokwisha kumaliza. Hatua ya nne ni hasara: sarafu ilipotea, kitamutamu kilianguka, au mkubwa alikinyang'anya. Hatua ya mwisho ni hukumu, nayo hufuata kaida isiyobadilika: siku hizi hakuna tena mabuyu kama yale.

Hukumu hiyo haifai kuchukuliwa kama taarifa ya hali halisi. Mabuyu yangali yanatengenezwa na kuuzwa Mombasa, mitaani na madukani, na watoto wangali wanatoka shuleni na ndimi nyekundu. Kilichobadilika ni mambo kama ufungaji, hasa baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017. Hukumu ya "siku hizi" ni kaida ya kifani, kama vile "paukwa" ni kaida ya kufungulia hadithi. Kazi yake ni kufunga simulizi na kumtangaza msimulizi kuwa mtu mzima. Mhakiki anayeichukua kuwa ukweli wa kihistoria atakuwa ameisoma fani kana kwamba ni maudhui.

Jambo linalostahili uchunguzi zaidi ni sarufi ya simulizi hizi. Walaji hutajwa kwa nafsi ya kwanza wingi: tulikimbia, tulinunua, tuligawana. Mchuuzi huingizwa kwa fomula ya kuwako: kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza. Baada ya sentensi hiyo hapewi tena kitenzi chochote chenye uzito. Hata jina lake hutokana na bidhaa. Anaitwa Mama Mabuyu au Mama Kashata, kana kwamba hana mji wala ukoo nje ya sinia lake. Wito, ambao ndio unaoanzisha simulizi yote, huhesabiwa kuwa sauti ya mtaa badala ya kuwa sauti ya mtu. Ni ajabu kwamba katika masimulizi yanayotegemea kunadi, yule anayenadi ndiye asiyezungumza.

Yuko pia mchuuzi wa pili ambaye hutajwa kwa nadra kuliko wa kwanza, naye ni mtoto. Mama aliyepika hakuwa na nafasi ya kuzunguka daima. Sinia lilitwikwa binti au kijana wake baada ya shule. Mtoto huyo alitoka nyumbani akiwa amehesabiwa vipande na alirudi akahesabiwa vipande na fedha. Hakuwa na ruhusa ya kuonja. Aliwakuta wanafunzi wenzake wakicheza, akawauzia, akaondoka. Mtaa wenye kipato kidogo hauna ukuta kati ya watoto wanaonunua na watoto wanaouza: aliyenunua leo huenda ndiye aliyebebeshwa sinia kesho. Kwa hiyo wapo wasimulizi wengi walioziishi nafsi zote mbili, lakini wanaposimulia huchagua ile iliyokula. Uchaguzi huo ndio tatizo la kiuhakiki linaloshughulikiwa hapa.

4.0 Kumbukumbu ndani ya msemo

Dhidi ya uchaguzi huo kuna ushahidi wa lugha. Kiswahili kina msemo maarufu, "kitumbua kimeingia mchanga", unaotumiwa jambo la mtu lililokuwa likienda vyema linapoharibika. Said Ahmed Mohamed aliufanya kuwa jina la tamthilia yake, Kitumbua Kimeingia Mchanga (2000), na kwa kufanya hivyo alithibitisha kwamba picha iliyotoka mikononi mwa watoto inaweza kubeba mzigo wa jukwaa la watu wazima.

Picha hiyo kwanza huonekana kuwa ya mlaji: mtoto ameshika kitumbua, kimemponyoka, kimeanguka. Hata hivyo, matumizi ya msemo yanaonyesha jambo jingine. Mtu husema kwamba fulani amemtia mwenzake mchanga katika kitumbua chake, akiwa na maana kwamba amemharibia riziki: kazi, biashara, posa au nafasi aliyokuwa akiitegemea. Kitumbua cha msemo ni riziki, wala si kitafunio cha starehe. Nani anayeona riziki yake katika kitumbua? Si mtoto mwenye thumuni mkononi, ambaye hasara yake ni ya alasiri moja. Ni yule ambaye mchele, tui, sukari na kuni vyote vimo ndani ya sinia, na ambaye upepo mmoja wa mchanga unamwondolea mtaji wa kesho. Maana ya msemo inaeleweka barabara ukisimama nyuma ya sinia.

Muundo wa msemo unaongeza uzito wa tafsiri hii. Katika "kitumbua kimeingia mchanga" hakuna mtenda. Kiima ni kitumbua chenyewe; mchanga umefika, na hakuna anayelaumiwa. Katika "kumtia mtu mchanga katika kitumbua" mtenda anatokea, na pamoja naye uadui. Lugha ina sura mbili za hasara moja: ile ya ajali na ile ya hila. Mtoto aliyebeba sinia alizijua zote mbili. Kuna siku alijikwaa, na kuna siku alisukumwa na wenzake waliotaka kuokota kilichoanguka. Aliporudi nyumbani, tofauti baina ya hasara hizo mbili ndiyo iliyoamua kama ataaminiwa. Msemo umelihifadhi suala hilo la maadili, ilhali simulizi za walaji humaliza hasara kwa kicheko.

Inafaa kutambua kwamba mabuyu na kashata havikupata msemo wa aina hii. Sababu haiko mbali. Mabuyu yakianguka hupanguswa. Kashata hupulizwa ikaliwa. Ni kitumbua pekee ambacho, kikishaingia mchanga, hakisafishiki. Msemo haukuchagua kilicho kitamu zaidi. Ulichagua kilicho rahisi kuharibika, na hilo ni chaguo la mtu aliyejua bidhaa.

5.0 Kipimo cha kigeni na mipaka yake

Wanafunzi wa fasihi wanapoandika kuhusu kumbukumbu na chakula hupenda kuanza na Marcel Proust, ambaye katika juzuu ya kwanza ya riwaya yake kubwa, iliyotolewa mwaka 1913, alimfanya msimulizi aupate tena utoto wake wote kwa kuonja keki ndogo iliyochovywa katika chai. Mfano huo una manufaa. Unaonyesha kwamba ladha inaweza kuwa nyenzo ya muundo, yaani mlango ambao riwaya inaingilia katika wakati uliopita.

Hata hivyo, kuuhamishia Magogoni bila tahadhari ni kuupoteza. Keki ya Proust huliwa chumbani. Hutolewa na shangazi kwa mtoto mmoja, na kumbukumbu yake humjia mtu mmoja akiwa kimya. Kitamutamu cha Magogoni huliwa njiani. Hutanguliwa na sauti ya mtu asiye jamaa, hulipiwa, hugawanywa na hugombaniwa, na kumbukumbu yake husimuliwa barazani mbele ya wengine walioikuta au wanaoipinga. Mmoja husema mama yule alikaa karibu na msikiti, mwingine humsahihisha. Kumbukumbu hapa ni ya majibizano. Kwa sababu hiyo upofu wake pia ni wa pamoja: kama mchuuzi amesahauliwa, amesahauliwa na baraza zima.

Sukari yenyewe inauunga mkono ukali wa hoja hii. Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985, Sweetness and Power, alionyesha jinsi utamu uliokuja kuwa wa kawaida Ulaya ulivyotegemea kazi ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Pwani ya Afrika Mashariki ina sura yake ya historia hiyo. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1889 kwa kuongoza upinzani, alikuwa mwenyewe mmiliki wa shamba la miwa huko. Kusini mwa Mombasa, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na familia zilizokitegemea zikaona riziki yao ikiingia mchanga. Utamu umekuwa na mtu nyuma yake kila wakati. Simulizi inayosahau hilo haikosi ukweli wa kijamii peke yake. Inakosa nusu ya visa vyake.

6.0 Mchuuzi katika maandishi

Maandishi yanayomrudishia mchuuzi nafasi yake yapo, na mawili yanatosha kuonyesha njia. La kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kufariki mwaka 1950, alikulia katika ufinyanzi, akatembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Bidhaa yake haikuwa tamu, lakini kwa hoja hii jambo la maana ni sauti. Katika masimulizi ya maisha yake, kunadi vyungu kunatangulia kuimba. Sauti iliyojifunza kufika mbali ili chungu kinunuliwe ndiyo iliyokuja kufika mbali zaidi. Hapa wito si kelele ya mandhari. Ni mwanzo wa sanaa, na mwenye sauti ana jina. Msomaji aliyeielewa sehemu hiyo hawezi tena kusikia "kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza" bila kuuliza alinadi vipi, kwa mahadhi gani, na nani alimfundisha. Fasihi simulizi imezipa bembezi na hodiya mahali pao katika mitaala. Nadi za wachuuzi zinastahili kuwekwa karibu na hodiya, kwa kuwa nazo ni sanaa inayofanywa kazini.

La pili ni Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022). Mwanzoni mwa riwaya, Yusuf, mvulana wa miaka 12, huwa na hamu ya ziara za mjomba Aziz, kwa kuwa kila anapoondoka humpa sarafu ya anna kumi. Mtoto anaiona sarafu kama mtoto yeyote anavyoiona: ni zawadi, na zawadi ni furaha. Baadaye anagundua kwamba Aziz si mjomba, kwamba baba yake ana deni, na kwamba yeye mwenyewe amechukuliwa kuwa rehani ya deni hilo. Gurnah ameichukua hatua ya pili ya simulizi ya utotoni, yaani sarafu, akaigeuza. Mtoto aliyedhani yuko upande wa wanaopokea anajikuta yuko ndani ya sinia. Nguvu ya mwanzo huo inatokana na kwamba mwandishi hakuufuta utamu wa sarafu. Aliuacha uwe utamu wa kweli, kisha akaonyesha bei yake.

Kazi hizi mbili zinakamilishana. Shaaban Robert anampa mchuuzi sauti, na Gurnah anamwonyesha mtoto mnunuzi kwamba yeye pia anaweza kununuliwa. Baina yao kunapatikana kipimo kinachotafutwa: simulizi bora ya kitamutamu cha utotoni ni ile inayoshika utamu na hesabu kwa pamoja.

7.0 Pingamizi na jibu lake

Inaweza kusemwa kwamba hoja hii inaitwisha kumbukumbu nyepesi mzigo usio wake. Watu wa barazani wanataka kucheka. Hawataki somo la uchumi. Pingamizi hilo lina uzito, na linafaa kujibiwa kwa misingi ya fani. Simulizi isiyo na mchuuzi ina hatua nne zinazokwenda upande mmoja, na hasara yake haina mgogoro: kitamutamu kilianguka, mtoto akalia, kicheko. Mchuuzi akiingizwa, hasara inapata pande mbili. Mtoto aliyesukuma sinia ili aokote vitumbua na mtoto aliyelibeba wote wana njaa. Mmoja atashiba alasiri ile, na mwingine ataenda kueleza nyumbani. Hapo kuna kisa. Kicheko hakifukuzwi, ila kinapata mtu wa kukijibu.

Ni kweli pia kwamba kuna kosa la upande wa pili. Mchuuzi anaweza kurudishwa katika simulizi akiwa maskini wa kuonewa huruma tu, asiye na ujuzi wala ucheshi, na hilo ni kumsahau kwa njia nyingine. Mama anayejua sukari imefika wakati wake wa kumiminwa kwa kuitazama tu ni fundi. Anayetunga nadi inayowatoa watoto ndani ya nyumba ni mtunzi. Anayehesabu deni za mtaa mzima bila daftari ana kumbukumbu kuliko wote wanaokumbuka vitu alivyowauzia. Haki anayodai uhakiki kwa niaba yake ni ya kuwa mhusika kamili, mwenye kusudi, hila, fahari na hasara.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumbukumbu za vitamutamu vya utotoni, jinsi zinavyosimuliwa Magogoni na kwingineko pwani, zina muundo unaoweza kuchambuliwa: wito, sarafu, mgawo, hasara na hukumu. Yameonyesha pia kwamba muundo huo humpendelea mlaji, na kwamba msemo wa "kitumbua kimeingia mchanga" unahifadhi mtazamo wa mwenye sinia ambao masimulizi yameuacha. Mwalimu wa fasihi anaweza kuanzia hapo. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aandike insha kuhusu utamu aliokula, na amwagize aisimulie alasiri ileile mara mbili: mara ya kwanza kwa nafsi ya aliyenunua, mara ya pili kwa nafsi ya aliyetumwa kuuza. Wanafunzi wengi wa Kisauni hawatahitaji kubuni nafsi ya pili. Wanayo tayari, ila hawajawahi kuulizwa. Mhakiki naye, akutanapo na sinia katika riwaya, asilipite kwa kuliita mandhari kabla hajamtazama aliyelibeba.